Ulinusurika ajali ya ziwa lakini mwili bado uko majini? Uzi kuhusu kiwewe, neva na pa kuanzia

Nesi wa Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi upande wa afya ya akili hapa Mwanza. Ndugu zangu wa visiwani wameniomba niandike kuhusu kiwewe, ile hofu inayobaki mwilini baada ya janga kupita, mara moja kwa urefu, maana kila mmoja ananipigia simu na swali lilelile. Uzi ni mrefu, someni taratibu.

Ukanda wetu wa Ziwa Victoria umezoea kuhesabu waliokufa. Meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, makaburi ya Igoma kila mtu anayajua. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, kivuko kimetoka Bugolora, kinakaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, zaidi ya watu 220 wakapotea. Ndege iliyoangukia ziwani Bukoba, 6 Novemba 2022, watu 19. Mitumbwi inayopinduka usiku wa upepo hata haiandikwi gazetini. Waliotoka hai tunawashangilia, tunawachinjia kuku, tunasema Mungu mkubwa, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Miaka inapita. Yule aliyenusurika hapandi kivuko cha Kamanga, akisikia injini ya boti anatokwa jasho jembamba, usiku anapiga kelele za jinamizi, mke anasema "huyu alibadilika, siku hizi anafoka hovyo". Ukimuuliza anakujibu, "Sista, mimi yale nilishayasahau." Na wala hakudanganyi. Hawazi ajali hata kidogo. Kinachowaza ni shingo yake, tumbo lake na mapigo ya moyo wake.

Hoja yangu ni moja tu, nitaizungukia uzi mzima: mtu wa namna hii, hasa yule aliyekunywa maji, usianze kumtibu kwa kumtaka asimulie, na usianze kwa kumwambia "vuta pumzi ndefu, fumba macho". Anza na nyayo na macho.

Nieleze kwa nini.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, wataalamu wanaiita amigdala. Ndiyo mlinzi. Haisubiri ufikiri; ikihisi hatari inapiga kengele, na tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakimbia, damu inahamia kwenye misuli mikubwa, tumbo linaacha kusaga chakula, mboni za macho zinapanuka. Mmarekani Walter Cannon aliieleza hali hii ya kupigana au kukimbia zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni hali nzuri sana kwa wakati wake. Ndiyo iliyompa mtu nguvu ya kukumbatia dumu tupu na kuelea nalo mpaka wavuvi wa asubuhi wakamkuta. Shida ni mlinzi asiyerudi kwake baada ya zamu. Anabaki getini miaka, kila anayepita anamnyooshea rungu.

Kazi ya kuupoza mwili inategemea sana neva moja inayoitwa vagasi. Inatoka kwenye shina la ubongo, inashuka shingoni, inafika moyoni, mapafuni na tumboni. Sasa shikeni hili: nyuzi nyingi za neva hiyo, kama 8 katika kila 10, hazileti amri kutoka juu. Zinapeleka taarifa kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo ubongo unauliza mwili "huko chini kukoje?" na unaamini jibu unalopewa. Ukimwambia mtu "tulia, yameisha", maneno yako yanaingia masikioni, lakini taarifa ya mabega yaliyopanda, meno yaliyoumana na pumzi iliyokwama juu ya kifua inasema hayajaisha. Mnajua nani anashinda.

Uwezo wa kusikia mwili kutoka ndani, kwamba sasa nina njaa, moyo unadunda, kibofu kimejaa, nao huharibika. Wengine wanasikia kupita kiasi: moyo ukiruka kidogo tu wanajua wanakufa. Wengine hawasikii chochote. Nimewahi kumuuliza mvuvi "miguuni unasikia nini?" akaangalia miguu kwanza ndipo anijibu, kama anayetafuta viatu. Huyu wa pili ndiye anayesifiwa mtaani kuwa jasiri.

Sasa habari ya pumzi. Ni kweli kabisa kwamba ukivuta hewa moyo unaongeza kasi kidogo na ukiitoa unapungua, ndiyo maana kutoa pumzi polepole kunapoza. Lakini aliyezama, kitu cha mwisho alichofanya kabla maji hayajamfunika ni nini? Alivuta pumzi kubwa akaibana. Na pale chini palikuwa giza. Wewe unamketisha ofisini, unamwambia afumbe macho, avute pumzi mpaka kifua kijae, aishikilie. Umemrudisha ziwani! Halafu anapotoka mbio unaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano.

Tena kuvuta hewa nyingi kwa haraka kunapunguza hewa ya ukaa kwenye damu, vidole vinachonyota, midomo inakufa ganzi, kizunguzungu kinakuja. Aliyekwisha kuogopa anaona sasa ndiyo kifo.

Mimi naanza hivi. Macho wazi. Aketi kwenye kiti kigumu au, kama tuko nje, kwenye jiwe. Mji huu tumebarikiwa mawe, na jiwe lililopigwa na jua la jioni lina joto linalosikika vizuri mapajani. Akanyage chini, asukume sakafu kwa visigino kama anataka kusimama lakini asisimame. Misuli ya paja inaamka. Hapo namuuliza, "Unasikia wapi uzito?" Simuulizi anajisikiaje. Swali la kujisikia ni kubwa mno kwa siku ya kwanza.

Kisha shingo. Ageuze kichwa polepole sana aangalie chumba chote, mlango uko wapi, dirisha liko wapi, nani yupo. Mtu mwenye kiwewe mara nyingi anatazama mbele tu kama anayesubiri kugongwa. Akimaliza kuzunguka, mara nyingine pumzi inashuka yenyewe, kwa kuguna au kupiga miayo. Sikuiomba. Imekuja kwa sababu mlinzi amekagua na hakuona kitu.

Pumzi naileta baadaye, na naanza na kutoa: kupuliza kama unapoza uji, au kuguna "mmmm" mdomo umefungwa. Kuimba ni bora zaidi, kwa sababu ubeti mrefu ni pumzi ndefu inayotoka bila mtu kujijua anafanya zoezi. Wasukuma walima kwa kuimba, wavuvi wavuta kokoro kwa kuimba, kwaya za Jumapili. Sisemi bugobogobo, ngoma ya Kisukuma, ni tiba ya kiwewe, nasema aliyerudi kwenye kundi linaloimba na kusukuma miguu kwa mdundo mmoja anaupa mwili wake taarifa nzuri.

Na hadithi ya ajali? Itasimuliwa. Ila kwa vipande, na kila kipande tukirudi miguuni kabla ya kingine. Tukigusa tukarudi, tukagusa tukarudi, mlinzi anajifunza kwamba hofu ina mlango wa kutokea.

Naishia hapa kwanza, ulizeni.

Karabai Halizimiki

Dada nesi, heshima yako. Lakini naona ni mambo ya wenzetu waliokosa kazi. Baba yangu alipinduka mara ngapi sijui upande wa Ukerewe, kesho yake anarudi kwenye dagaa. Hakuna neva wala nini. Mwanaume akae akisikiliza visigino?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka Karabai, karibu. Mzee hakukosea, na wewe hujakosea sana. Watu wengi wakipatwa na janga hutetemeka wiki kadhaa, hawalali vizuri, halafu wanarudi sawa bila nesi wala daktari. Ndiyo maana hata hospitali hatumwiti mtu mgonjwa wa kiwewe kabla ya mwezi kupita. Ugonjwa wenyewe uliingia rasmi kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980.

Ila mzee alirudi na nani kwenye dagaa? Alirudi na watu walewale, anashika kasia lilelile, usiku wanazungumza, wanataniana, wanalala bega kwa bega. Mwili wake ulipata kila nilichokiandika juu bila kukiita jina. Wa leo anapanda basi peke yake kwenda kupanga chumba Buhongwa, hana wa kumwambia, anakunywa ili alale. Hao ndio wanaonifikia.

Karabai Halizimiki

Hapo kwenye kunywa umenigusa pabaya 😂 Endelea.

Mama Wawili Igogo

Sista shikamoo, japo huenda nimekuzidi umri. Mume wangu hakuwamo kwenye kivuko. Yeye alienda kusaidia kutoa miili. Tangu hapo samaki haingii nyumbani kwetu, hata dagaa wakavu. Nikipita nao barabarani nikirudi na harufu kwenye nguo, anatoka nje anatapika. Ndugu zake wanasema amerogwa, wengine wanasema majini ya ziwa yamemfuata. Kwani asiyepata ajali naye anapata hayo?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Marahaba mama, ingawa nadhani mimi ndiye wa kukuamkia.

Anapata kabisa. Waokoaji ndio tunaowasahau kuliko wote. Siku ile Bukoba waliofika kwanza kwenye ndege walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, siyo meli ya uokoaji. Ukara vilevile, wanakijiji walishika kasia kabla ya mtu yeyote kutoka mjini. Wanarudi nyumbani na vitu walivyovishika.

Harufu ina njia yake. Unachokiona na unachokisikia hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo ndipo vigawiwe. Harufu haipitii pale. Inaingia karibu moja kwa moja kwenye eneo la amigdala na kumbukumbu. Kwa hiyo mume wako hafikirii miili halafu akatapika. Anatapika kwanza. Akilaumiwa kwamba anaendekeza, analaumiwa kwa jambo lisilopita kwenye hiari yake.

Usimlazimishe samaki. Anza na harufu anayoipenda, ndimu, kahawa, mchaichai, chochote, aiweke karibu, na harufu ikimvamia barabarani ainuse hiyo huku anakanyaga chini kwa nguvu na kutaja kwa sauti alipo: "Niko Igogo, ni Jumanne, huyu ni mke wangu." Hii ni ya kuvuka kipindi kigumu tu. Kazi ya kuzoea samaki tena ifanywe na mtu aliyefunzwa, hatua kwa hatua.

Kuhusu majini, sitapigana na ndugu. Kama kuna dua au maombi yanayomfanya alale, yaendelee, nami niendelee upande wangu. Ninachokataa ni kumfunga kamba, kumchapa, au kumfungia ndani afunge kula siku kadhaa. Mwili uliokwisha kuogopa ukifungwa unaogopa maradufu.

Mwanafunzi Nyegezi

Mkuu, nimekutana sana na nadharia ya Stephen Porges ya neva ya vagasi, ile ya ngazi tatu: utulivu wa kuwa na watu, kupigana au kukimbia, halafu kuzimika. Mbona hujaitaja kabisa? Huko mitandaoni ndiyo injili.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Sijaitaja makusudi. Ilianza kutolewa miaka ya 1990, na watoa tiba wengi wa kiwewe wanaipenda kwa sababu inampa mgonjwa picha rahisi. Lakini wataalamu wa fiziolojia wanaipinga sehemu kubwa, hasa maelezo yake ya jinsi matawi ya vagasi yalivyotokea kwa wanyama na yanavyofanya kazi. Kuganda na kuzimika ni jambo halisi, halihitaji nadharia hiyo isimame ndipo liwe kweli. Siuzi nadharia kwa mgonjwa.

Na niwe mkweli upande wangu pia. Tiba zenye ushahidi mzito kwa kiwewe ni zile za mazungumzo yaliyopangwa, zinazomsaidia mtu kukabili kumbukumbu na mawazo yake, pamoja na ile ya kusogeza macho iliyoanzishwa na Francine Shapiro. Shirika la Afya Duniani linazipendekeza zote mbili. Tiba za mwili kama yoga na mazoezi ya kusikia mwili zina ushahidi, ila mwembamba zaidi. Mimi natumia mwili kama mlango. Mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti dakika kumi hatafaidi mazungumzo hata yawe bora namna gani.

Asiyetaka Jina

Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Yangu si ya ziwa. Nilifanyiwa kitendo na mtu wa karibu. Kinachoniua si kitendo, ni kwamba sikupiga kelele. Chumba cha pili kulikuwa na watu. Mwili uligoma, mdomo uligoma. Polisi waliniuliza swali hilohilo, na mimi najiuliza kila siku.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dada yangu, pole sana, na asante kwa kuandika.

Hatari ikiwa karibu mno na njia ya kukimbia haipo, mfumo wa neva una hatua nyingine: unafunga misuli. Sauti inakatika, mikono haisogei, wakati mwingine mtu anajiona kama yuko pembeni anatazama. Wanyama wanafanya hivyo, binadamu wanafanya hivyo. Utafiti wa Stockholm uliochapishwa 2017 uliwauliza wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa. 70 kati ya kila 100 walieleza mwili kuganda kwa kiwango kikubwa. Walio wengi! Hukukubali na hukunyamaza. Hukupewa nafasi ya kuchagua.

Kwako mazoezi ya kusikia mwili yaanzie mbali na kiwiliwili. Viganja, nyayo, ncha za vidole. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, sikia jinsi mikono inavyoweza kusukuma. Kwa aliyeganda hilo ni jambo kubwa. Mtu asikuguse kwa jina la tiba bila kukuomba kila mara, na ukisema hapana iwe hapana. Ukikutana na mtoa tiba anayekushika bila ruhusa, ondoka.

Kwa wengine wanaosoma kimya: likitokea, fika hospitali mapema, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi. Kwa mtoto, simu ni 116, bure.

Mama Wawili Igogo

Asiyetaka Jina, mwanangu, hapa una mama. Ukiwa Igogo niandikie.

Karabai Halizimiki

Mkuu nesi, nirudi kwenye ile ya kunywa. Kuna jamaa yangu (jamaa yangu, siyo mimi 😅) bila pombe halali. Amehama kwenye pombe anameza Valium za duka la dawa. Ubaya uko wapi kama analala?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Msalimie huyo jamaa yako sana 😄

Pombe inampa usingizi wa mwanzo na kumnyang'anya wa mwisho. Inabana ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, halafu alfajiri inapomtoka ndoto zinarudi kwa fujo. Anaamka saa tisa usiku moyo unadunda, anaongeza glasi. Vidonge vya diazepamu (ndiyo hizo Valium) navyo vina uraibu, na Shirika la Afya Duniani linashauri visitolewe kwa ajili ya mshtuko wa wiki za kwanza baada ya janga. Zaidi ya yote, vikichanganywa na pombe vinaweza kuzima upumuaji. Ila asiache ghafla! Aliyezoea kwa muda mrefu, pombe au vidonge, akikata siku moja anaweza kupata degedege. Aje hospitali apunguziwe kwa mpango. Hospitali za Bugando na Sekou Toure hapa Mwanza wanajua kazi hiyo, aseme ukweli wa kiasi anachotumia.

Na akija apimwe pia mambo mengine. Moyo kwenda mbio, kutetemeka na kukonda vinaweza kuwa tezi ya shingoni, upungufu wa damu, au moyo wenyewe. Siyo kila mtetemeko ni kiwewe. Nisingependa uzi huu umcheleweshe mtu mwenye ugonjwa wa moyo, anakanyaga sakafu tu.

Dereva wa Sengerema

Sista, mimi nina la ajabu. Miaka yote nilikuwa naogopa kivuko cha Kigongo–Busisi, tangu nilipozama nikiwa kijana. Daraja lilipofunguliwa 2025 nikashangilia kuliko wote, nikasema sasa nimepona. Kilomita kama tatu, lami, hakuna maji yanayonigusa. Mbona nikifika katikati mikono inakakamaa kwenye usukani na macho yanaona mbele tu? Abiria wananiona nimekasirika, kumbe nahesabu nguzo. Na juzi rafiki kanishauri nikajitose ziwani nioge, eti hofu itatoka yenyewe.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Usijitose. Kwanza utapata kichocho cha bure. Pili, kumtupa mtu kwenye kile anachokiogopa bila maandalizi mara nyingi kunaongeza hofu. Wapo wanaosema pia upakae maji ya baridi usoni yapoze moyo; ni kweli mwili una mwitikio huo, lakini unataka maji baridi hasa, siyo haya ya ziwani ya uvuguvugu, na kwa aliyezama maji usoni ndiyo kengele yenyewe. Kwako hapana.

Mwili wako haujui habari za lami. Unaona maji kushoto na kulia, nchi kavu iko mbali, basi. Na ukikakamaa shingo, macho yakaganda mbele, unazidi kuuthibitishia kwamba kuna hatari.

Fanya hivi, lakini usianze ukiwa na abiria. Siku ya mapumziko nenda upande wa Kigongo, egesha mahali panaporuhusiwa, kaa ulitazame daraja kwa mbali. Sukuma nyayo chini, geuza shingo, tafuta kitu kinachokupendeza kukitazama, ndege, mtumbwi, mama anayeuza matunda. Mapigo yakipanda kidogo usikimbie na usijilazimishe. Rudisha macho kwenye kile kitu mpaka yashuke. Ondoka yakiwa yameshuka, siyo yakiwa juu. Rudia siku nyingine. Kisha vuka ukiwa umekaa kiti cha abiria, mwenzako anaendesha, imba au guna njia nzima. Usukani uje mwisho. Ukiona mikono inakufa ganzi au unataka kuzimia wakati wa kuendesha, hilo ni la kliniki kabla ya safari nyingine yoyote, maana una roho za watu nyuma yako.

Dereva wa Sengerema

Naimba vibaya sana sista.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Atakayeumia ni anayeendesha. Nitumie ujumbe wa faragha, nikuelekeze siku za kliniki na wa kumuulizia ukifika. Wengine mlioniandikia pembeni nimewaona, nawajibu nikitoka zamu kesho.